Prosesa inagonga 100% muda wote? Usikimbilie kupiga windo, pita huku kwanza

Huku kwetu nyanda za juu, kuanzia Mwanjelwa ya Mbeya mpaka Miyomboni kule Iringa, ukipeleka laptopu kwa fundi ukamwambia imekuwa nzito na feni inapiga kelele muda wote, jibu ni moja tu: tupige windo, yani tufute Windows tuiweke upya. Na kweli ikipigwa inakuwa nyepesi, wiki moja mbili unaringa nayo, alafu inarudi palepale, kwa sababu kilichokuwa kinakula prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hakikuwa Windows, kilikuwa vumbi, au chaja, au kreki (programu ya kulipia iliyochakachuliwa itumike bure) ambayo imewekwa tena siku hiyohiyo windo linapigwa. Kupiga windo ni dawa, ila ni dawa ya mwisho. Kwanza ujue ni nani anakula.

Haya maelekezo ni ya Windows 10 na 11. Majina ya vitufe nayaandika kama yalivyo kwenye skrini maana wengi wetu tunatumia Windows ya kiingereza. Nenda kwa mpangilio, usiruke, hatua za mwanzo ni za bure na ndo zinamaliza kesi nyingi.

Hatua ya 1: ristati, sio kuzima

Najua unasema mbona mi nazima kila siku. Sasa Windows za siku hizi zina kitu kinaitwa Fast Startup, ukibonyeza Shut down haizimi kila kitu, kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski na kesho yake kinarudishwa vilevile na matatizo yake yote. Restart ndo inaanza upya kweli. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, nenda Performance, bonyeza CPU, chini pale soma Up time. Utashangaa laptopu unayoizima kila usiku inasoma siku kumi na kitu.

Kwahiyo piga Restart, ikiwaka iache kama dakika kumi bila kugusa kitu. Kompyuta yoyote ikitoka kuwaka prosesa inapanda, na kama bado una diski ya zamani ile ya kuzunguka, robo saa nzima ya kuhangaika sio ajabu. Baada ya hapo ndo uanze kuhukumu.

Hatua ya 2: mjue anayekula

Rudi Task Manager, kipengele cha Processes (kwenye Windows 10 ikifunguka kidirisha kidogo bonyeza More details). Bonyeza neno CPU pale juu ya safu yake, wenye matumizi makubwa wanapanda juu. Usifungue kitu kingine, kaa uangalie dakika mbili tatu alafu piga picha na simu. Kompyuta iliyotulia, hujafungua kitu, inatakiwa icheze chini ya asilimia 10 hivi, inapanda kidogo inashuka. Ikikaa 60, 80, 100 na haishuki, hapo una kesi.

Kuna vitu viwili vinawachanganya sana watu hapa. Cha kwanza, ukienda kipengele cha Details utakuta System Idle Process inakula 95, mtu anapagawa anaanza kutafuta namna ya kuiua. Hiyo ni nafasi tupu, yani prosesa haina kazi kwa asilimia 95, ikiwa kubwa ndo vizuri. Cha pili ni kinyume chake na wachache wanakijua: angalia Performance imeandikwa Logical processors ngapi. Kama ni 4, programu moja iliyokwama kwenye uzi mmoja (thread, yani mstari mmoja wa kazi) itaonekana inakula 25% tu, kama ni 8 itaonekana 12 au 13. Kwahiyo ukiona programu imeganda kwenye 25 kamili haipandi haishuki saa nzima, usiseme ni ndogo hiyo, hiyo imekwama inazunguka, iue kwa End task uifungue upya au uiapdeti.

Pia ukiwa hapo tupia jicho safu za Memory na Disk. Memory ikiwa juu ya asilimia 90 basi prosesa inaonewa tu, kwa sababu RAM (ndo hiyo Memory, kumbukumbu ya kufanyia kazi) ikijaa Windows inaanza kubana vitu vilivyomo na kuvihamishia kwenye diski, na kazi hiyo anaifanya prosesa. Laptopu ya GB 4 yenye Chrome ya kurasa ishirini na Word na WhatsApp ya kompyuta, hapo hakuna ufundi mwingine, ongeza RAM ifike 8. Na kama Disk ndo iko 100 wakati CPU iko 20, tatizo lako sio prosesa, weka SSD, ile diski isiyozunguka, hela yako itaonekana kuliko kitu kingine chochote utakachoinunulia hiyo mashine.

Majina utakayokutana nayo, na cha kufanya

*Windows Update, au Windows Modules Installer Worker.* Hii kwa huku ni sugu, na chanzo chake ni bando. Tunaishi kwa hotspoti ya simu, unawasha data nusu saa, Windows inaanza kudaunilodi apdeti, bando linaisha au umeme unakatika, kesho inaanza tena kukagua, inajaribu, inakwama, inarudi, wiki nzima prosesa inahenyeka na apdeti haijawahi kuisha hata moja. Tiba ni kuchagua moja. Ama siku moja unaenda sehemu yenye Wi-Fi ya uhakika, unachomeka chaja, unaiacha imalize zote na kuristati mpaka iseme You're up to date. Ama kwa siku za kawaida unaiambia hotspoti yako ni ya kupima: Settings, Network & internet, Wi-Fi, bonyeza jina la mtandao wako, washa Metered connection, itaacha kuvuta apdeti nyingi kwa fujo. Ikiwa imekwama kabisa hata kwenye Wi-Fi nzuri, fungua Command Prompt kama administrator, andika net stop wuauserv, alafu net stop bits, nenda C:\Windows badilisha jina la folda ya SoftwareDistribution iite hata SoftwareDistribution.old, ristati. Windows itatengeneza folda mpya na kuanza moja.

*Antimalware Service Executable.* Huyu ni Defender, mlinzi wa Windows mwenyewe. Akiwa anaskani anapanda, akimaliza anashuka, mwache. Usimzime kama wengi wanavyoshauriana. Akisumbua sana mpunguzie nguvu: fungua PowerShell kama administrator, andika Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20, kawaida yake ni 50. Na tafadhali usiweke antivairasi mbili za nje kwenye mashine moja ukidhani ulinzi umeongezeka, zinakaguana zenyewe kwa zenyewe kila faili linapofunguliwa.

*Microsoft Windows Search Indexer.* Anaorodhesha mafaili ili utafutaji uwe wa haraka. Ukitoka kukopi GB 50 za muvi lazima apande. Akizidi siku mbili tatu, tafuta Indexing Options, Advanced, bonyeza Rebuild, acha usiku kucha.

*System interrupts.* Hii sio programu, ni kifaa kinaigongea prosesa mlango kila saa. Ikipita asilimia chache na kukaa hapohapo, chomoa vyote vya USB kimoja kimoja, mausi, flashi, modemu, printa, huku unaangalia namba. Ikishuka umempata. Isiposhuka jaribu bila chaja, alafu apdeti draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) za Wi-Fi na sauti kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yenyewe, sio zile programu za kutafuta draiva, zile nyingi ni mzigo mwingine.

*wscript.exe.* Ukimwona huyu anakula prosesa na flashi zako zinageuza folda kuwa shotikati, umebeba kirusi cha flashi. Steshenari za karibu na vyuo ndo masoko yake makuu, flashi moja inapita kompyuta ya kuprinti, inaenda hosteli, inamaliza korido nzima. Kwanza skani kompyuta kamili na Defender, kipengele cha Full scan, ndipo uskani flashi, ukianza na flashi kompyuta itaiambukiza tena. Mafaili yako yamefichwa tu hayajapotea: kwenye Command Prompt andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kuwa herufi ya flashi yako, yatarudi kuonekana, alafu futa zile shotikati. Na ukiweza, kazi ya kuprinti itume kwa barua pepe au WhatsApp, flashi ibaki nyumbani.

*Brauza.* Ukiona Chrome ndo iko juu, usifunge yote kwa hasira. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift+Esc, itafunguka orodha yake yenyewe inayoonyesha ni ukurasa gani au kiongezi (extension) gani kinakula. Mara nyingi ni ukurasa mmoja wa muvi za bure au mikeka wenye matangazo yanayocheza nyuma, au kiongezi ulichoweka mwaka juzi ukasahau.

Ila kwenye YouTube kuna jambo la pekee, na linawahusu wengi maana laptopu zetu nyingi ni yuzdi, zile HP EliteBook 840 G1, ThinkPad T440, Dell Latitude zenye prosesa za Intel za kizazi cha 4. YouTube siku hizi inatuma video kwa mfumo wa kubana video wa VP9 au AV1. Prosesa za Intel zilianza kuwa na kifaa kamili cha kufungua VP9 kuanzia kizazi cha 7, na AV1 kuanzia cha 11. Kizazi cha 4 hakina, kwahiyo kila picha ya video inafunguliwa kwa nguvu za prosesa yenyewe, ukiweka 1080p inaweza kufika 80 na feni ikalia. Mashine haina ugonjwa hapo. Weka kiongezi kinaitwa h264ify, kitailazimisha YouTube itume mfumo wa zamani wa H.264 ambao hata kizazi cha 4 kinaufungua bila jasho, au shusha video iwe 480p tu, na bando nalo litakushukuru.

Hatua ya 3: joto, vumbi na chaja

Hapa ndo mafundi wengi wanaparuka na ndo penye siri. Prosesa ikipata joto sana inajipunguza kasi yenyewe isiungue, na kasi ikipungua kazi ileile iliyokuwa inachukua asilimia 20 sasa inajaza 100. Ni kama lori la mzigo linapanda mlima Kitonga, injini inaunguruma mpaka mwisho lakini mwendo ni wa kutembea kwa miguu. Kuligundua ni rahisi: Task Manager, Performance, CPU, linganisha Speed (kasi ya sasa hivi) na Base speed (kasi yake ya msingi). Kama Base speed ni 2.00 GHz na wakati wa kazi nzito Speed inasoma 0.79 au 0.80, tena CPU iko 100, prosesa imebanwa, na hapo windo hata ulipige mara ngapi hutabadilisha kitu.

Sasa imebanwa na nini? Weka Core Temp au HWMonitor, zote za bure, usome nyuzi joto. Laptopu iliyotulia kucheza kwenye 40 mpaka 60 ni kawaida, ikiwa kazini 70 mpaka 85 bado sawa, ikigonga 95 kuelekea 100 imefika ukingoni.

Watu wa Mbeya na Njombe tunajidanganya na baridi, tunasema huku hakuna joto la Dar bwana, mashine haiwezi kuchemka. Baridi inasaidia ndio, ila huku juu hewa nayo ni nyepesi kuliko ya pwani kwahiyo feni inasukuma hewa pungufu kwa kila mzunguko, na isitoshe hiyo baridi ndo inatufanya mwezi wa sita na wa saba tufanye kazi kitandani, laptopu imekaa juu ya blanketi, matundu ya chini yamezibwa kabisa. Wengine jiko la mkaa liko chumbani hatua mbili kutoka mezani, majivu yote yanavutwa na feni, na hilo jiko ndani lina hatari kubwa kuliko ya laptopu. Ukija kiangazi mpaka mwezi wa kumi, vumbi la barabarani linamalizia.

Kipimo changu ni hiki: kama feni inalia asubuhi ya Julai wakati wewe mwenyewe umevaa sweta, fungua mashine. Zima kabisa kwa Shut down huku umeshikilia Shift, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, fungua kifuniko cha chini. Angalia pale feni inapotolea hewa, kuna vibati vyembamba vya shaba au alumini vimepangana. Mara nyingi ukitazama feni unaona ni safi tu, ila nyuma yake, kati ya feni na vile vibati, vumbi limeshikana na nyuzi za blanketi mpaka ukilivuta kwa kibanio linatoka kipande kizima cha upana wa kidole. Hewa ilikuwa inapita wapi? Toa hicho, piga brashi laini ya rangi, na ukipuliza zuia mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke, yakizungushwa kwa upepo mkali feni inaharibika. Usikubali wakupulizie kwa kompresa ya kujazia matairi, ile inatema na maji.

Ukishafungua na mashine ina miaka minne mitano, badilisha na pesti ya prosesa, ile inayopakwa juu yake kupitisha joto, ile ya zamani inakuwa imekauka imegeuka chaki. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Kama hujawahi, mpe fundi, lakini kaa pale uone akifanya.

Chaja nayo. Laptopu nyingi, Dell hasa, zinaitambua chaja kwa waya mwembamba wa katikati, na zikishindwa kuitambua, kwa sababu ni kopi au ule waya umekatika, zinagoma kuchaji na zinaishusha prosesa mpaka kwenye zile 0.79 GHz. Ikiwaka inatoa onyo kuhusu adapta, watu wanabonyeza kuendelea kila siku bila kusoma. Chomoa chaja utumie betri dakika tano, kasi ikirudi umempata mchawi.

Kama umeshasafisha na bado inachemka, nenda Control Panel, Power Options, Change plan settings, Change advanced power settings, Processor power management, Maximum processor state weka 99%. Hiyo inazima ile kasi ya ziada, kwa kazi za Word na intaneti hutaona tofauti ila joto linashuka vizuri.

Hatua ya 4: wachimbaji

Kuna programu za wizi zinazochimba sarafu za kidijitali kwa prosesa yako, umeme wako, hela ya mtu mwingine. Zinaingia kwa kreki za magemu, Photoshop ya bure, na viaktivisha, yani programu za kuwasha Windows na Office bila kulipia. Dalili yake: umeacha mashine imetulia, feni inapaa, ukifungua tu Task Manager feni inatulia na CPU inasoma 5%. Zingine zimeandikwa kabisa zijifiche Task Manager ikifunguka. Kwahiyo ikifanya hivyo usiseme imepona.

Anza hivi. Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka mpaka Exclusions. Ukikuta pale pameandikwa C:\ nzima au folda usiyoijua, na wewe hujawahi kuweka, kuna mtu kamwambia mlinzi asiangalie hapo. Futa hizo zote. Kisha rudi, Scan options, chagua Microsoft Defender Antivirus (offline scan), mashine itaristati na kuskani kabla Windows haijawaka, inachukua kama robo saa, hakikisha betri imejaa umeme usije ukakukatikia katikati. Ikiisha, kagua jina lolote unalolitilia shaka: kwenye Task Manager bofya kulia, Open file location. Mfano svchost.exe, programu ya Windows yenyewe inayoendesha huduma zake, ya kweli inakaa C:\Windows\System32. Ukikuta svchost iko ndani ya AppData au Temp, huyo ni mwizi kavaa sare.

Na kama chanzo ni kiaktivisha, ukikirudisha umerudisha kila kitu. LibreOffice ni ya bure na inafungua mafaili ya Word, kwa barua na ripoti za kawaida inatosha kabisa.

Hatua ya 5: bado tu?

Task Manager, kipengele cha Startup, zima kila kisicholazimika kuwaka na mashine. Ikigoma, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msconfig, nenda Services, weka tiki Hide all Microsoft services, hiyo tiki usiisahau, ndipo Disable all, ristati. Ikitulia ujue ni mojawapo ya ulizozima, zirudishe nusu nusu mpaka umpate. Isipotulia na umeme kwako ni wa kukatika katika, inawezekana mafaili ya mfumo yameharibika: Command Prompt ya administrator, DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth (inataka intaneti), ikiisha andika sfc /scannow.

Hapo ndipo ukubali kupiga windo, na upige kwa masharti. Kopi vitu vyako kwenye diski ya nje. Windows 10 iliacha kuhudumiwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, kwahiyo ukiwekewa 11 kwenye kizazi cha 4 ujue umewekewa kwa kulazimisha, na kama RAM ni GB 4 itakusumbua upya. Mashine ya hivyo mimi naiwekea Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure badala ya Windows, naendelea na maisha. Ukibaki na Windows, faili la kuinstoli lidaunilodiwe kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, sio ile flashi ya fundi inayokuja na kila kitu kimeshakrekiwa, na mkiwa palepale mezani kabla hujalipa mwambie afungue Task Manager, uisome mwenyewe dakika tano.